Ruta ya Nyumbani Ina Nywila Mbili: Namna ya Kuiwekea Ulinzi

Nafunga intaneti majumbani hapa Dar es Salaam, na simu ninazopigiwa nyingi ni za lalamiko moja: "Fundi, bando la mwezi limeisha kwa wiki." Nikifika nakuta nywila ya waifai imebadilishwa vizuri tu, ila ile ya pili, ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, bado ni ya kiwandani. Hiyo ya pili ndiyo yenye hatari zaidi. Aliyeingia kwenye mipangilio anaweza kukufungia nje ya ruta yako mwenyewe, au kubadili DNS (huduma inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba) ili ukiandika anwani ya tovuti upelekwe kwenye ukurasa bandia.

Hatua ya 1: Ingia kwenye ruta. Tumia laptopu na kebo kama unayo, maana ukibadili jina la waifai, simu itakatika katikati ya kazi. Fungua kivinjari uandike 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1. Stika iliyo chini ya ruta itakuambia. Kama nywila imesahaulika, kuna kitundu cha kubonyeza kwa pini hadi taa zizime na kuwaka upya, ruta irudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Lakini ngoja kwanza: kama intaneti yako ni ya faiba, kufanya hivyo kunaweza kufuta na mipangilio ya mtoa huduma, ukabaki bila mtandao. Mpigie kabla hujagusa kitundu hicho.

Hatua ya 2: Badili nywila ya mipangilio, hata kabla ya waifai. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu orodha ya majina na nywila za kiwandani, zisizozidi mia. "Admin" na "admin" ilikuwemo.

Hatua ya 3: Sasa waifai yenyewe. Kwenye aina ya ulinzi chagua WPA3. Kama kuna kifaa cha zamani kinachoikataa, WPA2 yenye AES inatosha. WEP usiiguse, ilishavunjwa tangu 2001.

Kuhusu nywila, naomba tuache kuweka namba za simu. Kwenye WPA2, mtu aliyekaa karibu na nyumba yako anaweza kunasa mawasiliano ya simu yako inapojiunga na ruta, kisha akaenda kubahatisha nywila kwenye kompyuta yake, bila ruta kujua lolote. Namba ya Tanzania inaanza na 06 au 07, kwa hiyo zinabaki tarakimu nane za kukisia. Kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, hiyo ni kazi ya dakika. Weka maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano ya mtindo wa "kinu-stendi-pamba-jogoo". Wageni wataweza kuyaandika, na mwizi atachoka. Huo mfano wangu usiunakili, tunga wako.

Hatua ya 4: Zima WPS. Ni ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya siri ya tarakimu nane. Tangu 2011 inajulikana kwamba ruta huikagua namba hiyo vipande viwili, hivyo majaribio yanayohitajika ni kama 11,000 tu. Waifai ikiwa na nywila ndefu kiasi gani, WPS ikiachwa wazi umeacha dirisha.

Hatua ya 5: Zima usimamizi wa ruta kutoka nje, sasisha programu ya ruta, na uwashe mtandao wa wageni. Huo wape wapangaji, mafundi na marafiki wa watoto.

Mwisho fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uvihesabu kimoja kimoja na watu wa nyumbani. Televisheni na kamera vitahitaji nywila mpya. Viunganishe siku hiyohiyo.