Jinsi ya Kutoa Elimu ya Zebaki Mwaloni Hadi Watu Wabadili Wanapochomea Dhahabu

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maafisa afya wa kata, na yeyote anayetumwa kuzungumza na wachimbaji wadogo kuhusu zebaki mwaloni, yaani pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa. Kazi hii naifanya mkoani Geita. Kilichonichukua muda kukielewa ni hiki: ukienda kumwambia mchimbaji aache zebaki, atakusikiliza kwa adabu na kesho yake ataendelea. Ukimwonesha moshi unakokwenda, kisha ukamwomba jambo moja tu, kwamba asichomee nyumbani, hapo mnaanza kuelewana.

Hatua ya 1: Uielewe zebaki wewe kwanza

Mawe yakishatoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hupondwa, husagwa kwenye karasha, ile mashine ya kusagia, na unga wake huoshwa. Zebaki hutiwa ili ikamate chembe za dhahabu. Mchanganyiko ule hukamuliwa kwa kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha, nalo huchomwa mpaka zebaki ipotee na dhahabu ibaki.

Neno "ipotee" ndilo linalotuumiza. Zebaki huchemka kwa nyuzi joto 357, kiwango ambacho jiko la mkaa hukifikia bila taabu. Ikichemka huwa mvuke usio na rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, takriban asilimia 80 ya zebaki iliyomo hubaki mwilini. Kinyume chake, tone la zebaki likimezwa kwa bahati mbaya, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Watu wengi wanaamini kinyume: wanaogopa kuimeza, lakini wanakaa karibu na moto na watoto wao. Uking'amua jambo hili moja, nusu ya somo unayo.

Jifunze na dalili zake. Anayevuta mvuke kidogo kidogo kwa miaka hutetemeka mikono, hukosa usingizi, husahau, huwa mkali bila sababu, fizi huvimba, na mdomoni husikia ladha ya chuma. Figo nazo huathirika. Anayevuta mvuke mwingi kwa mara moja hupata homa, baridi, kikohozi na kifua kubana. Huku kwetu homa na baridi ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo waambie watu: ukifika zahanati, mtajie mganga kwamba ulikuwa unachoma dhahabu. Bila hilo, hana namna ya kuhisi.

Hatua ya 2: Pita kwa wenyeji

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha msimamizi wa mwalo, kisha viongozi wa chama cha wachimbaji. Kama kuna wanawake walio katika TAWOMA, chama cha wanawake wachimbaji, wafuate mapema, kwa sababu wanawake ndio wengi kwenye kuponda na kuosha. Ofisi ya madini ya mkoa ifahamu kuwa unakwenda, lakini usiende na maofisa wake siku ya kwanza. Wachimbaji wakiona gari la serikali lenye watu watano, zebaki itafichwa na utazungumza na mialo mitupu.

Tamka wazi kwamba hukuja kukamata mtu. Kisha uishi hivyo: usipige picha bila ruhusa, usiandike majina.

Usidhani pia kuwa wewe ndiye wa kwanza. Rwamgasa, hapa hapa Geita, ilikuwa mojawapo ya maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tanzania ikiwa pamoja na Brazili, Indonesia, Laos, Sudan na Zimbabwe. Ukikutana na mzee akakuambia, "Hayo tulishaoneshwa," mwamkie, ukae, umuulize alioneshwa nini na kwa nini watu hawakuendelea nacho. Majibu yake yana thamani kuliko kitabu chako cha mafunzo.

Hatua ya 3: Tembea kabla ya kuongea

Tenga siku nzima ya kutazama. Nani anachoma, saa ngapi, wapi, upepo unaelekea wapi, watoto wako wapi. Usiishie mwaloni. Nenda kwenye makazi, nenda mpaka kwa wanunuzi wa dhahabu. Dhahabu iliyochomwa mwaloni bado hubaki na zebaki kidogo ndani yake, na mnunuzi huichoma tena dukani. Duka hilo mara nyingi liko katikati ya senta, jirani na mama lishe na kibanda cha kunyolea. Elimu nyingi ya zebaki humsahau mnunuzi, na mimi mwenyewe nilimsahau miaka miwili ya mwanzo.

Siku moja ya kutembea hivyo nilimkuta mama mmoja anachomea jikoni kwake. Chombo kilikuwa kikaango kidogo cha mayai, kimetiwa weusi upande mmoja, na kwenye ukingo wake kulikuwa na vumbi la kijivu lililong'aa kidogo nilipoligeuzia mwanga. Mtoto wa kama miaka mitatu alikuwa amekaa mlangoni. Nilitaka kufoka. Nikauliza tu, "Mama, mbona ndani?"

Akasema, "Dokta, nikichomea nje wataona nina kiasi gani. Usiku watakuja."

Kabla ya siku ile nilikuwa nahubiri kuwa watu wanachomea ndani kwa kutojua. Yule mama alijua moshi si mzuri. Alikuwa anapima hatari mbili, moshi na wezi, na wezi aliwahofia zaidi. Kama elimu yako haina jibu la wezi, hatahama jikoni.

Hatua ya 4: Anza mkutano na mizani

Chagua saa ambayo kazi imepungua, kwetu ni baada ya saa tisa alasiri. Watu 15 hadi 20 wanatosha. Wakizidi hapo, wanaokaa nyuma hawataona kitu.

Usianze na magonjwa. Omba mchimbaji mmoja alete donge ambalo angelichoma siku hiyo hiyo, na mizani yake mwenyewe, ile anayoiamini. Mpime wote mkiangalia. Tuseme imesoma gramu 10. Kiandike kipimo kwenye kipande cha boksi kila mtu akione. Baada ya kuchomwa, dhahabu ikipoa, mpime tena. Donge lililokamuliwa vizuri huwa karibu nusu yake ni zebaki, kwa hiyo mtasoma gramu tano, au sita. Kisha uliza: "Zile nyingine zimekwenda wapi?"

Nyamaza. Usijibu wewe. Nimeshaona ukimya wa dakika nzima hapo, watu wakitazama juu, wakitazama mabati ya nyumba, wakitazama sufuria za mama lishe. Atakayejibu atakuwa mmoja wao, na jibu lake litasadikika kuliko lako.

Uchomaji huo wa mfano usiufanye wazi hata kidogo. Ufanyie kwenye retoti, ambayo ndiyo hatua inayofuata, nje, watu wakiwa upande upepo unakotokea. Hatuwezi kufundisha hatari ya moshi kwa kuwavutisha moshi.

Hatua ya 5: Onesha retoti, na ueleze kwa nini watu huikataa

Retoti ni chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linaloinama. Donge linawekwa ndani, moto unawashwa chini, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa matone ya zebaki yanayodondokea kwenye bakuli la maji. Ikitumiwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki. Weka bakuli jeupe ili matone yaonekane yakianguka.

Mambo manne usiyakosee. Mdomo wa bomba uwe karibu na maji bila kuzama ndani yake, kwa sababu chungu kikianza kupoa kinaweza kuvuta maji na kupasuka. Tumia kitambaa kilicholowa kuzungushia sehemu ya mwisho ya bomba. Usifungue chungu kingali cha moto, mvuke uliobaki utakupiga usoni. Na usitengeneze retoti kwa mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, kwa kuwa zebaki hushikana na zinki.

Sasa yale ya moyoni. Mchimbaji haipendi retoti kwa sababu haoni dhahabu yake ikiwa ndani. Amezoea kuitazama ikibadilika kutoka fedha kuwa njano, na macho yake ndiyo mlinzi wake. Isitoshe, dhahabu ya retoti hutoka na rangi ya kahawia, na mnunuzi anaweza kuitilia shaka. Usizipuuze hoja hizi. Mwenye donge afunge kifuniko mwenyewe, asimame hapo hapo mpaka mwisho, afungue mwenyewe, apime mwenyewe. Mweleze mnunuzi mapema kuhusu rangi. Kisha mpime zebaki iliyorudi bakulini na uwaulize bei yake. Zebaki wanainunua kwa fedha yao, na ile iliyorudi wataitumia tena.

Hatua ya 6: Omba jambo moja

Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja matendo manne ya kukomeshwa: kutia zebaki kwenye unga wote kabla ya kuuchuja, kuchoma wazi, kuchomea kwenye makazi, na kuyaosha kwa sianidi, kemikali nyingine ya kutolea dhahabu, marudio (mabaki ya unga uliokwisha kuoshwa) yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Yote ni ya maana. Lakini ukiyamwaga yote manne kwenye mkutano mmoja, watu wataondoka bila hata moja.

Mimi naanza na makazi, kwa ajili ya watoto na wajawazito. Zebaki hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na ubongo unaokua ndio unaoumia zaidi. Kwa hiyo ombi langu ni sehemu moja ya pamoja ya kuchomea, mbali na nyumba, upepo ukielekea kusiko na watu, yenye retoti na mlinzi anayekubaliwa na wote. Mlinzi ndiye jibu la yule mama wa kikaango. Katika mwalo mmoja walijenga uzio wa mabati na kuingia mmoja mmoja, mwenye mali peke yake na msimamizi. Wazo hilo lilikuwa lao.

Hatua ya 7: Jiandae kwa maswali

Barakoa? Ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wa zebaki. Sema hivyo waziwazi, maana wengi wameivaa wakijiona salama.

Maziwa? Ni chakula kizuri, ila hayaitoi zebaki iliyopita kwenye mapafu.

Kunyonyesha? Mama aendelee kunyonyesha. Kinachotakiwa kuhama ni moshi.

Samaki? Hapa kuwa mwangalifu sana. Zebaki ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine inayokusanyika kwenye samaki, na aina hiyo ndiyo iliyoleta maafa ya Minamata, Japani, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1956. Lakini usiwatoe watu wa Ziwa Victoria kwenye samaki, ambao ndio protini ya bei wanayoiweza. Waambie samaki wadogo kama dagaa hukusanya kidogo kuliko samaki wakubwa wanaokula wenzao, na kwamba marudio yasimwagwe karibu na mto.

Zebaki ikimwagika nyumbani? Wasifagie, ufagio huipasua ikawa matone madogo zaidi. Wafungue madirisha, watoto watoke, waikusanye kwa karatasi ngumu na kuiweka kwenye chupa yenye maji na kifuniko. Chupa isiwe ya soda, mtoto ataichukulia kinywaji.

Vipimo? Usiahidi usichoweza kuleta. Zebaki ya mvuke hupimwa kwenye mkojo, na si kila hospitali ina uwezo huo. Mwenye dalili mwandikie rufaa, na uhakikishe amefika.

Hatua ya 8: Rudi baada ya wiki mbili

Rudi bila kutangaza mkutano. Usihesabu retoti zilizogawiwa, hesabu zenye masizi mapya chini. Pita kwenye zile nyumba ulizoziona siku ya kutembea. Waulize watoto, wao hawafichi: "Baba anachomea wapi siku hizi?"

Ukikuta sehemu ya pamoja imeachwa, tafuta sababu kabla ya kurudia somo. Mara moja niliambiwa ni kwa sababu mvua ilikuwa inazima mkaa. Tulipoweka mabati manne juu na kuacha pande zote wazi, walirudi wiki hiyo hiyo.