Namna ya Kuyasoma Magofu ya Kanisa la Kale la Kijiji nchini Ufaransa

Mkazi wa Mombasa aliyewahi kuyazunguka magofu ya Jumba la Mtwana, pale Mtwapa, tayari ana mwanzo mzuri. Hata paa likiwa limetoweka, msikiti hutambulika kwa mihrabu yake katika ukuta wa kibla, ambao kwa pwani yetu huelekea kaskazini. Makanisa ya vijiji yaliyojengwa Ufaransa kati ya karne ya 11 na ya 15 nayo yana upande wake: altare kwa kawaida iliwekwa mashariki. Kwa hiyo, kabla ya kupiga picha yoyote, fungua dira ya simu yako.

Ukishaupata upande huo, fuata umbo la ukuta wake, hata kama umebaki msingi tu. Ukiwa umepinda nusu duara, yaelekea jengo ni la mtindo wa Kiromaneski, uliotawala karne ya 11 na ya 12. Ukiwa umenyooka, usikate shauri bado, kwani kuta za namna hiyo zilijengwa katika vipindi vyote. Tao la mviringo huambatana na mtindo wa Kiromaneski, na tao lenye ncha huambatana na ule wa Kigothi, uliojitokeza mapema katika kanisa la abasia (monasteri) ya Saint-Denis, karibu na Paris, ambalo sehemu yake ya mashariki ilijengwa upya kati ya 1140 na 1144. Vijijini mitindo ilichelewa kufika, hivyo tao peke yake halitoshi kukupa umri wa jengo.

Habari nyingi zaidi zimo ukutani. Njoo asubuhi au alasiri, jua linapopiga kwa ubavu, utafute mshono wa wima ambapo mawe ya pande mbili hayakushikana: hapo pana sehemu iliyoongezwa baadaye au mlango uliozibwa. Matundu madogo yaliyojipanga kwa safu ni mahali mafundi waashi walipopachika miti ya jukwaa lao, huku wakijenga kwa chokaa kama walivyofanya waashi wetu wa mawe ya matumbawe. Kisha ukague ukuta wa kusini, karibu na altare ilipokuwa. Huenda ukakuta kidaka kinachofanana na vya nyumba zetu za kale, lakini sakafu yake imechongwa beseni dogo lenye tundu katikati. Humo padri aliosha mikono na vyombo vya misa, na maji yakashukia ardhini kupitia ukutani. Kwangu mimi hakuna alama yenye thamani kuliko hiyo, kwa sababu altare huondolewa ilhali kidaka hubaki. Ukikikuta mbali na upande wa mashariki, yumkini hapo palikuwa na altare ya pembeni.

Usiishie kwenye magofu. Tarehe 2 Novemba 1789 mali ya Kanisa iliwekwa mikononi mwa taifa, na baadaye majengo mengi yakauzwa, mengine yakageuzwa ghala la nafaka, mengine yakabomolewa kwa ajili ya mawe yake. Tazama basi kuta za nyumba za jirani, kwa maana jiwe lililochongwa vizuri katikati ya mawe ya kawaida huenda lilitoka kanisani. Ramani za mashamba zilizoanzishwa kwa sheria ya 1807 huonyesha majengo yalivyokaa wakati huo, na nyingi zimewekwa kwenye intaneti na hifadhi za nyaraka za kila idara (département, yaani mkoa wa kiutawala wa Ufaransa), kwa hiyo kazi hii waweza kuianza ukiwa Mombasa.

Kuhusu ruhusa, uliza kwanza katika ofisi ya meya, kwa kuwa baadhi ya magofu ni mali ya kijiji na mengine yamo katika ardhi ya mtu binafsi. Kifaa cha kutambua metali hakitumiki kusaka vitu vya kale bila kibali cha serikali. Jiwe lililoanguka lipige picha ukiwa umeweka rula kando yake, kisha uliache papo hapo, kwani mahali lilipoangukia huonyesha sehemu ya ukuta lilikotoka.