Wamekufunga mnyororo kwenye paking ya mtu binafsi na wewe una ulemavu: namna ya kupambana nao mahakamani hapa Mwanza

Wakuu, hii ni kwa madereva wenye ulemavu, uwe una gari la kuendesha kwa mikono au bajaji yako. Tuseme umetoka kwenye jengo umekuta tairi limefungwa na karatasi kwenye kioo, unadaiwa elfu hamsini umezidisha muda.

Kwanza jua unadaiwa na nani. Ukipaki pembeni ya barabara pale mjini kati, Nyerere au Kenyatta, huo ushuru ni wa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, una kontroo namba na njia yake ni nyingine, siuongelei hapa. Naongelea uwanja wa mtu, yaani jengo la maduka, hoteli, hospitali binafsi, benki. Pale ukiingia getini mnahesabika mmeingia mkataba, basi. Mtu binafsi hawezi kukupiga faini kama hakimu hata karatasi yake iwe na muhuri mkubwa kama sahani. Ni dai la hela tu, na anayedai ndiye anathibitisha.

Siku hiyohiyo usigombane na mlinzi, yule dogo katumwa tu na mshahara wenyewe haumtoshi. Toa simu. Piga picha bango la masharti ukiwa umekaa kwenye siti ya dereva, maana hakimu anatakiwa aone ulichoona wewe wakati unaingia, siyo kile anachoona mtu mwenye miguu mizima aliyesogea mpaka puani kwa bango. Kama bango liko ndani baada ya geti au limezibwa na mti, hiyo picha ni dhahabu. Halafu piga nafasi iliyochorwa alama ya kitimwendo, mara nyingi utakuta kuna V8 ya bosi au koni na ndoo za mafundi. Kama haipo kabisa, zungusha video uwanja mzima bila kukata.

Ila ushahidi ambao watu wengi wanausahau ni muda. Wanakwambia nusu saa bure, sawa, nusu saa ya nani? Mwambie mtu akurekodi ukishuka: mlango unafunguka wote, unatoa fremu ya kitimwendo, unapachika gurudumu la kwanza, la pili, unahamia, unafunga mlango, unafika kwenye ngazi hakuna ramp unasubiri wawili wakubebe, lifti nayo mbovu. Hapo bado hujafika dirishani. Video hiyo inaongea kuliko wakili. Na usiitunze kwa kujitumia wosapu halafu ukafuta ya kwenye simu, wosapu inaikamua ubora na taarifa za saa zinaweza kupotea, acha orijino ilipo.

Kama lazima uondoke lipa, lakini andika kwenye karatasi yao "nimelipa kwa kupinga, sikubali deni hili", saini, piga picha, na udai risiti ya EFD. Wakikataa kutoa risiti andika jina la aliyepokea na saa, hilo nalo litawauma baadaye. Risiti ina faida nyingine, inakuonyesha jina halisi la kampuni. Mara nyingi mwenye jengo ni mwingine na anayekusanya paking ni mkandarasi, ukimshtaki asiyehusika unaanza upya, kwa hiyo hakiki jina kwanza mtandaoni BRELA, wale wanaosajili makampuni.

Kisha barua, ukurasa mmoja inatosha. Taja tarehe, namba ya gari, walichodai, kwa nini unapinga, unataka nini (warudishe hela au wafute deni), na uwape siku 14. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Wengi wanamalizana hapahapa, hakuna meneja anayetaka kwenda kusimama mahakamani kwa elfu hamsini.

Wakikaza, nenda Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi milioni 30, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kusimama mwenyewe. Ukitaka zaidi ya hapo, mfano fidia ya kubaguliwa, hapo tafuta mwanasheria kwanza. Huna hela? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ni bure, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii Nyamagana au Ilemela. Na kama wao ndio wamekushtaki na umeletewa samansi, NENDA, usipotokea wanaweza kusikilizwa peke yao.

Hoja yako kubwa ni kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Hata kama mkataba umetaja kiasi cha kulipa ukivunja masharti, mahakama inatoa fidia inayostahili tu, na kile kiasi ndiyo dari yake. Kwa hiyo waulize, mimi kuzidisha dakika ishirini mmepoteza nini cha elfu hamsini wakati saa nzima mnachaji elfu moja? Ongezea Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inayokataza ubaguzi, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009, unaotaka hata majengo ya watu binafsi yanayohudumia umma yafikike.

Ila usijidanganye kwamba ulemavu peke yake unafuta deni. Uingereza mwaka 2015, kesi ya ParkingEye na Beavis, dereva alibanwa alipe pauni 85 kwa kuzidisha muda, na mojawapo ya sababu ni kwamba mabango yalikuwa makubwa na wazi. Wakiitaja, wewe taja Thornton na Shoe Lane Parking ya 1971, masharti ambayo dereva aliyakuta baada ya kupokea tiketi kwenye mashine hayakumbana. Zote ni za nje hazimfungi hakimu wetu, lakini ndiyo maana nimesisitiza picha ya bango.

Siku chache kabla ya kesi mpigie karani umwambie unatumia kitimwendo mpangiwe chumba cha chini, usisubiri ufike ukute ngazi. Viziwi muombe mkalimani mapema hivyohivyo. Ukishindwa, omba nakala ya hukumu palepale, maana rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30 na zinaanza kuhesabika tangu siku ya uamuzi.