SOMO: Kutunza kadi za dozi ya mionzi kwa askari wa chumba cha eksirei

Kadi hii inaweza kusomwa miaka 40 baadaye, askari ameshastaafu na anadai fidia. Msomaji hatakuwa na wa kumuuliza.

1. Fungua kadi kabla askari hajagusa mashine: namba ya jeshi, majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, na dozi aliyotoka nayo kikosi cha awali. Cheo kisitumike kumtambulisha, maana hupanda.

2. Beji ya TLD (kipimo kidogo cha mionzi kinachovaliwa mwilini) ni ya mtu mmoja, haiazimwi. Andika inavaliwa juu ya aproni ya madini ya risasi (ya kuzuia mionzi) au chini yake. Bila hilo, namba haina maana.

3. Beji ya kulinganishia, isiyovaliwa na mtu bali hupima mionzi ya kawaida ya mazingira, ikae mbali na mashine. Hapa ndipo wengi huharibu. Maabara hupunguza kipimo chake kutoka kwenye kipimo cha kila beji. Ukiisahau kwenye droo ya chumba cha eksirei, itakula mionzi, na kikosi kizima kitaonekana hakikupata kitu.

4. Majibu yakirudi, jaza kipindi, dozi kwa mSv (milisivati), jumla ya mwaka na jumla ya tangu aanze kazi. Kikomo ni wastani wa 20 mSv kwa mwaka ndani ya miaka 5, na usivuke 50 mwaka wowote. Beji iliyopotea haiandikwi 0. Andika "haikusomwa".

5. Akihamishwa, aondoke na nakala. Nyingine ikae jengo tofauti. Moto wa St. Louis, Marekani, Julai 1973, uliteketeza majalada ya wanajeshi milioni 16 hadi 18. Hayakuwa na nakala.

MASWALI

— Mkuu, beji imefuliwa pamoja na kombati. Tuitupe?
Hapana. Ipeleke na maelezo, maabara ndiyo iamue. Ikishindikana, afisa usalama wa mionzi akadirie kwa vipindi vilivyopita na wenzake wa zamu ileile, aandike "kadirio" na kusaini.

— Askari akipigwa eksirei ya kifua kama mgonjwa, naijumlisha?
Usijumlishe. Hiyo ni ya jalada la matibabu. Avue beji kwanza.

— Kadi za zamani ziko kwa rem, kizio cha zamani cha dozi.
1 rem ni 10 mSv. Usifute ya zamani, andika pembeni.

— Tunazitunza hadi lini?
Kwa viwango vya IAEA (Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki), hadi afikishe, au angefikisha, miaka 75, na isipungue miaka 30 tangu aache kazi ya mionzi. Kwa hiyo aliyefariki kadi yake haichomwi.