Benefiti zikikatwa Uingereza: mwongozo kwa tunaofanya kazi kwenye mashirika ya nyumba

Wengi wetu tuliohamia Uingereza tumeishia kwenye mashirika ya nyumba, yale yanayopangisha nyumba za bei nafuu: mapokezi, usafi, zamu za usiku hosteli, kufuatilia kodi ya nyumba. Serikali ikitangaza kupunguza benefiti, yaani msaada wa fedha kwa wenye kipato kidogo, tunaona hiyo ni shida ya wapangaji. Ndugu zangu, benefiti ndizo zinazowalipia wapangaji wengi kodi, na mshahara wetu unatoka kwenye kodi hiyohiyo.

Aprili 2013, wapangaji wa umri wa kufanya kazi kwenye nyumba za jamii (za halmashauri na mashirika) walio na chumba cha ziada walianza kukatwa asilimia 14 ya kodi waliyokuwa wakilipiwa. Wenye vyumba viwili vya ziada au zaidi, asilimia 25. Ikaja Universal Credit, benefiti moja iliyounganisha kadhaa pamoja na ya kodi ya nyumba, ambayo malipo yake ya kwanza huchukua takriban wiki 5. Mtu asiye na akiba, wiki 5 ni deni tayari, na anayetumwa kulidai deni hilo ni wewe. Kisha kuanzia 2016 mashirika ya England yaliamriwa kushusha kodi asilimia 1 kila mwaka kwa miaka 4. Mpangaji alipata nafuu, lakini mashirika yakabana matumizi, na mtu akiacha kazi, nyumba zake huongezwa kwenye orodha yako.

Kwa hiyo usisubiri deni likomae. Mpangaji aliyekatwa ana mwezi 1 wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na wengi huupoteza kwa kuogopa kufungua bahasha. Mwelekeze halmashauri aulizie msaada wa dharura wa kodi. Deni likifika miezi 2, shirika linaweza kuomba kodi ilipwe kwake moja kwa moja. Usitoe pesa yako mfukoni. Najua ugumu wake, hasa ukiona watoto, lakini nilitoa mara moja, na wiki iliyofuata milango mitatu ilinisubiri. Mpangaji akikutisha, andika taarifa siku hiyohiyo, na usirudi peke yako.

Sasa ajira yako. Mwajiri akikusudia kupunguza watu 20 au zaidi ndani ya siku 90, lazima ashauriane na wafanyakazi angalau siku 30 kabla ya wa kwanza kuondoka. Ukitimiza miaka 2 kazini, una haki ya fidia ya kupunguzwa kazini. Kazi ikihamishiwa kwa mkandarasi mwingine, kwa kawaida mkataba wako unahama nayo pamoja na miaka yako, kwa hiyo usisaini mkataba mpya wenye masharti duni kwa sababu tu umeambiwa ni utaratibu. Jiunge na chama cha wafanyakazi, Unison au Unite, mapema. Vyama kwa kawaida havichukui kesi iliyoanza kabla hujajiunga.

Walio na viza ya kudhaminiwa na mwajiri wawe macho zaidi. Kazi ikiisha, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kama viza inakuzuia kutumia fedha za umma, usiombe Universal Credit hata rafiki akikuhakikishia haina shida. Posho ya kutafuta kazi inayotokana na michango ya bima ya taifa haihesabiwi kuwa fedha za umma, ila onana kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Hati za mshahara, mkataba na vyeti vya mafunzo vipakue leo. Ukishatoka, akaunti ya kazini hufungwa, na mwajiri mpya atavitaka vyote.