Mtaliano Akikuuliza Ganesha ni Nani Kwao: Namna ya Kulinganisha Miungu ya Wahindu na ya Roma ya Kale

Nimezaliwa Malindi na kazi yangu ni kutembeza wageni. Wawili hawakosekani hapa: Mtaliano, ambaye Roma ni kwao, na Mhindi aliyeshuka na familia yake likizo. Wakipanda gari moja, swali halikawii: huyu mungu wenu ni nani kwetu? Mimi ni Muislamu, lakini imani ya mtu haichezewi, na kijana anayeanza kazi hii sharti ajue kulinganisha bila kuvuruga.

Anza na yaliyotokea hapa hapa Malindi. Aprili 1498, Vasco da Gama alikuta vyombo vinne vya Wahindi vimetia nanga. Wareno wakawaonyesha mabaharia wale picha ya Bikira Maria amempakata Yesu chini ya msalaba. Wahindi wakasujudu, wakawa wanarudi na karafuu na pilipili manga kuitolea. Shajara ya safari ikaandika kuwa hao ni Wakristo. Shajara hiyo hiyo inasema hawali nyama ya ng'ombe! Dalili kwamba ni Wahindu ilikuwa mbele yao wakaipita. Mwezi uliofuata, kule Calicut, bandari ya India, wakaingia hekalu la Kihindu wakasali wakidhani ni kanisa, na huku picha za ukutani zina mikono minne, mitano. Anayelinganisha kwa macho huona kile alichokuja nacho.

Kwa hiyo mwanangu, sura iache. Uliza mungu huyu anaitwa wakati gani, kwa haja gani, na anapewa nini. Mchukue Ganesha, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. William Jones, jaji wa Kiingereza aliyekaa Calcutta, alimlinganisha na Janus, mungu wa Roma mwenye nyuso mbili, katika makala aliyoiandika 1784. Kichwa cha tembo na mtu wa nyuso mbili havifanani hata kidogo. Lakini Mhindu akifungua duka au akianza harusi humwomba Ganesha kwanza, na Mrumi naye alimtaja Janus mwanzo wa sala. Januari ni mwezi wake. Ukishasema hivyo, usinyamaze. Eleza na wanapoachana: Ganesha ni mwana wa Shiva na Parvati, kazi yake kuondoa vikwazo. Janus ni wa milango na mapito, na milango ya hekalu lake ilifungwa pale tu Roma ilipokuwa na amani. Wengi huikata nusu hii ya pili kwa haraka, na mimi naona ndiyo inayowapa wageni wote wawili heshima yao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni moto. Utenzi wa kwanza kabisa wa Rigveda, mojawapo ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, unamwita Agni, mungu wa moto. Kwa Warumi moto wa jikoni ulikuwa wa Vesta, na Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, ameandika kwamba sala na kafara huishia kwake. Mmoja ni wa kiume na hutangulia, mwingine wa kike na hufunga. Sasa tazama umbo: katika ibada ya Veda moto wa mwenye nyumba ulikaa kwenye meko ya duara, na hekalu la Vesta nalo ni la duara, katika mji ambao mahekalu yake mengi yana pembe nne. Mtaliano aliyeyaona magofu yale hushangaa, na mama wa Kihindu hukumbuka alivyouzunguka moto siku ya harusi yake. Hapo nyamaza, waache waongee.

Zama nazo zitaje. Indra wa Veda, mfalme mwenye radi mkononi, yuko karibu na Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Na jina la Jupiter ni ndugu wa Dyaus Pitar, baba mbingu wa Veda, maana Kilatini na Kisanskriti vina asili moja. Lakini Mhindu wa leo humwendea Vishnu, Shiva au Devi, si Indra. Ukimwambia Indra ndiye "mkubwa wenu" kama Jupiter alivyokuwa kwa Warumi, utamuudhi, na atakuwa na haki.

Dini ya Roma ilipigwa marufuku kwa amri za Theodosius, mfalme Mkristo wa Roma, 391 na 392. Ya Wahindu iko hai na watu wake wamekaa nyuma yako garini, basi waulize. Kuhusu Lakshmi, mungu wa kike wa mali na baraka, mwache mfanyabiashara wa Kigujarati asimulie vitabu vipya vya hesabu vinavyoombewa wakati wa Diwali, sikukuu ya taa. Wewe ongeza habari ya sanamu ndogo ya pembe ya ndovu kutoka India, iliyofukiwa katika mji wa Kirumi wa Pompeii na mlima wa volkano Vesuvius mwaka 79, ikafukuliwa 1938, na sasa iko makumbusho ya Naples. Imezoeleka kuitwa Lakshmi, ila wataalamu wengine wanasema ni yakshi, roho wa kike wa miti na rutuba. Wape wageni kauli zote mbili.

Na Hanuman, mungu wa Wahindu mwenye sura ya nyani, usimtafutie mwenzake. Ukiulizwa, sema Roma hayupo, kisha wasimulie alivyoruka bahari kwenda Lanka kumtafuta Sita, mke wa Rama.