Kilomita 100 kwa Wiki Ukiwa Mwajiriwa wa Kutwa: Somo na Maswali ya Wanachama

Somo hili ni la mkimbiaji ambaye tayari anamudu kilomita 50 hivi kwa wiki bila maumivu, ana ajira ya siku tano, na anataka kufika kilomita 100 bila kuacha kazi wala kuugua. Wengi wanaokwama njiani hawakwamishwi na miguu, bali na usingizi pamoja na dakika ndogondogo ambazo hawakuwahi kuzihesabu.

Hatua ya kwanza: hesabu saa kabla ya kilomita

Wiki ina saa 168. Ukitoa 45 za kazi, 56 za usingizi na 10 za kwenda na kurudi kazini, unabakiwa na saa 57, na ndani yake mna familia, usafi, mapishi na mengine yote. Kilomita 100 kwa mwendo wa dakika tano na nusu kwa kila kilomita hula saa 9 na dakika 10, na wengi huishia kuhesabu hapo. Hata hivyo, kila unapotoka kuna kutafuta soksi, kufunga viatu, kuoga na kubadili nguo, mambo ambayo kwangu hayajawahi kuchukua chini ya dakika 25. Ukitoka mara nane kwa wiki, hizo ni saa 3 na dakika 20 nyingine, na jumla inakuwa saa 12 na nusu. Kama saa hizo hazipo katika wiki yako, lenga kilomita 75 kwanza, si aibu.

Hatua ya pili: panda polepole

Moyo na mapafu huzoea mzigo mpya katika wiki chache, ilhali mifupa na kano huhitaji miezi, na ndiyo maana mtu huumia wakati uleule anapojiona yuko imara kuliko wakati wowote. Ongeza kilomita 10, kaa katika kiwango hicho wiki tatu, punguza robo katika wiki ya nne, kisha ongeza tena. Ukianza na 60, utaigusa 100 katika wiki ya 17.

Hatua ya tatu: geuza safari ya kazini kuwa mazoezi

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ron Hill, Mwingereza aliyeshinda mbio za marathoni za Boston mwaka 1970 kwa saa 2:10:30, alikuwa mkemia wa nguo kwa taaluma, na sehemu kubwa ya kilomita zake aliipata kwa kukimbia kwenda kazini na kurudi. Tuseme ofisi yako iko kilomita 8 kutoka nyumbani, na basi huchukua dakika 40. Ukikimbia utatumia dakika 44. Safari nne za namna hiyo kwa wiki ni kilomita 32, zilizopatikana kwa dakika 16 tu za ziada barabarani.

Mpangilio ninaoupendelea ni huu. Jumatatu asubuhi panda basi ukiwa umebeba nguo za ofisi za wiki nzima, taulo na sabuni, kisha jioni kimbia kurudi, kilomita 8. Jumanne kimbia 14 alfajiri, ndani yake mkiwa na mazoezi ya kasi. Jumatano kimbia kwenda na kurudi, 16. Alhamisi 14 nyepesi, alfajiri vilevile. Ijumaa kimbia kwenda, 8, na jioni urudi kwa basi na mzigo wa nguo chafu. Jumamosi 14, nusu yake kwa mwendo wa kukaza, na Jumapili mbio ndefu ya 26. Jumla ni 100 kamili.

Acha ofisini jozi moja ya viatu rasmi na mkanda wa akiba. Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa niliwahi kuketi katika kikao cha wakuu nikiwa na suruali iliyopigwa pasi vizuri na viatu vya mbio vyenye matope. Mahali pa kazi pasipo na bafu, kimbia jioni pekee, na asubuhi uende kwa usafiri wako wa kawaida.

Hatua ya nne: punguza mwendo

Isipokuwa Jumanne na Jumamosi, kimbia kwa wepesi unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Saa ya mkononi isikushawishi vinginevyo.

Hatua ya tano: linda usingizi

Anayeamka saa kumi na moja alfajiri sharti awe amelala saa tatu usiku. Ukipata usingizi wa chini ya saa sita, futa mazoezi ya kasi ya siku hiyo na ukimbie kwa wepesi. Ukipata usiku wa namna hiyo mara mbili mfululizo, pumzika. Kilomita inayonunuliwa kwa usingizi hudaiwa baadaye, aghalabu kwa mafua au kwa jeraha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, ni lazima kukimbia mara mbili kwa siku?*

Si lazima. Yuki Kawauchi wa Japani alishinda Boston mwaka 2018, katika mvua ya baridi, akiwa mtumishi wa serikali wa kutwa, na siku za kazi kwa kawaida alikimbia mara moja tu. Kugawa mbio kunakusaidia pale tu ratiba yako isipokuwa na nafasi moja ndefu.

*Nikikosa siku mbili kwa sababu ya kazi, nilipe deni mwishoni mwa wiki?*

Hapana, ndugu yangu. Siku iliyopita imepita. Ukizirundika kilomita hizo juu ya mbio ndefu ya Jumapili, unaubebesha mwili mzigo usiouzoea, tena ukiwa umetoka kwenye wiki ya uchovu.

*Mimi hufanya kazi za zamu, na wiki nyingine ni za usiku. Nifuate ratiba gani?*

Usiifuate saa ya ukutani, fuata muda wa kuamka: kimbia baada ya kuamka na kupata kitu chepesi tumboni, iwe ni alfajiri au alasiri. Ukitoka zamu ya usiku, nenda moja kwa moja kitandani. Wiki ya zamu za usiku ifanye kuwa ile wiki ya nne ya kupunguza robo, na mazoezi ya kasi yasubiri.

*Kazi yangu ni ya kusimama kutwa. Je, inahesabika?*

Inahesabika sana. Miguu haitofautishi uchovu wa kazi na uchovu wa mbio. Baki kwenye 75 au 80 na utazame unavyoamka asubuhi.

*Nina maumivu kwenye mfupa wa muundi. Niendelee taratibu?*

Bonyeza kwa kidole. Maumivu yaliyosambaa kandokando ya mfupa mara nyingi hutulia mzigo ukipunguzwa. Lakini yakiwa kwenye sehemu moja ndogo inayouma ukiigusa, yanazidi unapokimbia, au yanakuamsha usiku, acha kukimbia leo hii na umwone daktari, kwa kuwa huenda mfupa umeanza kupata ufa, na ufa hautibiwi kwa kukimbia polepole.

*Mwenzangu nyumbani analalamika kwamba Jumapili sionekani.*

Mbio za kilomita 26 huchukua saa 2 na dakika 23. Ukitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, unarudi kabla ya saa mbili. Malalamiko mengi, kwa nilivyoona, hayatokani na saa hizo bali na usingizi wa mchana kutwa unaofuata. Kwa hiyo lala mapema Jumamosi, na ukirudi, uwe macho.